Barua ya Rangi Tatu

Somo yangu wa Mombasa,

Mimi niko Dar es Salaam tangu vuli ianze kudondoka. Uliponiagiza nikuandikie barua iliyotiwa rangi, isiwe kavu kama ile ya Dodoma, ulinichokoza bila kujua. Hapa jijini rangi haitiwi tu, somo. Hupakwa, hupigwa, huchovywa, huchapwa, huchorwa, na kila fundi ana kitenzi chake asichoazima kwa jirani. Basi nimezunguka kutoka Msasani hadi Mbagala nikitega masikio, na kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiswahili, nakuletea ripoti. Weka chai karibu.

Nilianzia Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga. Unawajua wale chui wa macho ya mshangao na ndege wenye mikia mirefu kuliko haja. Mwenye jina, Edward Saidi Tingatinga, alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaja kwetu Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968 kwa vitu alivyoweza kununua: vipande vya mraba vya hadibodi, na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Hakusomea sanaa wala hakuwa na ukumbi wa maonyesho. Picha zilitandazwa nje ya duka ambako Wazungu wa Oysterbay walikwenda kununua mahitaji yao, zikanunuliwa pamoja na nyanya. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alichora kwa miaka minne tu, na jina lake likawa jina la mtindo mzima. Walioendeleza, akina January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata na Ajaba Abdallah Mtalia, walikuwa ndugu na jamaa aliowafundisha mwenyewe. Mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama cha ushirika, na chama hicho ndicho kinachokupokea ukifika leo.

Nilimuuliza kijana mmoja pale kwa nini mistari yao ni mikali, hakuna rangi inayoyeyukia ndani ya nyingine. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yamelowa. Unapaka msingi, akasema, unauacha ukauke kabisa, ndipo unamleta mnyama. Ukiwa na haraka, rangi zitaingiliana. Kumbe ule "mtindo" ambao wataalamu wa makumbusho wameuandikia kurasa na kurasa umezaliwa nusu yake na tabia ya rangi ya baiskeli: nzito, inang'aa, inataka subira. Nilipenda pia kwamba pale hawasemi "kupaka" kwa kazi yote. Msingi hupakwa. Chui huchorwa. Madoa yake hutiwa, moja moja, hadi mchana uishe.

Nilipopita kwa wachonga vinyago nikakumbushwa kwamba kutia rangi kuna upande wa gizani. Mpingo ni mweusi moyoni tu, nje una ganda la njano hafifu, na ni mzito hata ukiutupa majini unazama. Sasa wapo, katika soko lolote la vinyago pwani hii, wanaochukua mti mweupe mwepesi, wakaupaka kiwi ya viatu, wakauza mpingo. Ukinunua, pima uzito kwanza, kisha sugua chini ya kitako cha kinyago kwa kitambaa chenye maji. Kiwi itakuambia ukweli kabla ya muuzaji.

Kwenye nyumba kitenzi ni kupiga. "Nyumba imepigwa rangi," wanasema Mwananyamala na Tandale, na hawamaanishi ugomvi. Kampuni za simu na za soda zimelijua hilo zamani: zinampigia mwenye duka rangi bure, ukuta mzima hadi kwenye fremu za madirisha, na duka la Mangi, ndivyo aitwavyo mwenye duka hapa, linaamka jekundu au la bluu na nembo kubwa kuliko jina la mwenyewe. Mangi haoni tabu, kwa sababu rangi ni ghali na ukuta ni wake.

Ila kuna rangi inayopigwa ukutani na hakuna anayeishangilia. Ni ile X. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na tangu hapo wakazi wa pembezoni wamejifunza kusoma brashi ya serikali. X ya kijani maana yake utabomolewa lakini una fidia. X nyekundu maana yake ulijenga ndani ya hifadhi, vunja mwenyewe au usubiri kuvunjiwa. Kimara waliisoma hiyo mwaka 2017. Kisha linakuja tingatinga, somo, na safari hii si la chui. Sijui lugha nyingine ambayo jina la mchoraji wa furaha kiasi hicho ni jina la buldoza pia, na mitaa hiihii inavifahamu vyote viwili.

Kuta za zamani hazikupigwa rangi ya kopo. Kijiji cha Makumbusho kipo Barabara ya Bagamoyo tangu mwaka 1966, na nakushauri uwalete wanafunzi wako. Nyumba za makabila zimesimama pale na kuta zake za udongo, na vitenzi vyake ni vya kale kuliko kopo la rangi: kukandika na kusiriba. Rangi ya ukuta ilikuwa rangi ya ardhi iliyochimbwa hatua chache kutoka mlangoni. Aliyetaka urembo zaidi alitafuta udongo mweupe, udongo mwekundu, na masizi ya jikoni. Kumbuka hizo tatu, nitazirudia.

Maana neno rangi lenyewe ni la kuja. Waajemi wanasema rang, Wahindi vilevile, nasi tukalipachika irabu mwishoni kama desturi yetu. Likaja na mzigo wake. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anaeleza jambo la Waislamu wa Sofala, pwani ya Msumbiji, ambalo sijachoka kulisimulia. Walikuwa na pamba yao na vitanda vyao vya kufumia, lakini nguo iliyotoka ilikuwa nyeupe tu, kwani rangi hawakuwa nazo. Basi wakawa wananunua vitambaa vya rangi kutoka Cambay ya India, wanavifumua uzi mmoja mmoja, kisha wanazifuma upya nyuzi zile pamoja na nyuzi zao nyeupe. Wakapata nguo ambayo si ya Cambay tena. Hebu fikiria kazi hiyo! Mtu ananunua shuka zima, analibomoa, ili apate buluu yake tu. Mimi naona historia yetu ya rangi imo yote katika kufumua na kufuma huko: rangi ilikuwa ya watu, kuikoleza kukawa kwetu. Rangi ya baiskeli ya Tingatinga ni mtoto wa mbali wa uzi wa Cambay.

Karne ya 19 ikaja merikani. Jina linajieleza: pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya New England, iliyoletwa na merikebu za Salem baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Merikani ikichovywa kwenye nili ikawa kaniki, nyeusi inayokaribia buluu. Hizo mbili ndizo zilizokuwa nguo za watumwa Unguja, nyeupe iliyochoka na nyeusi ya nili, na mtu alijulikana hadhi yake kabla hajafungua kinywa. Mwanahistoria Laura Fair amelieleza vizuri hilo katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu maisha ya mjini Zanzibar: utumwa ulipovunjwa mwaka 1897, wanawake wengi waliitupa kaniki wakaikimbilia kanga. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema wanawake wa pwani wanapenda rangi mno, mwambie aulize kwanza bibi zao walivishwa nini.

Kanga yenyewe sitakufundisha, wewe unayeishi karibu na duka la Kaderdina Hajee Essak, ile Mali ya Abdulla iliyoanza mwaka 1887. Mnaiita leso, na mtaendelea kuiita leso hadi kiama. Nitasema la huku. Barabara ya Morogoro, Ubungo, ndipo kilipo kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Ndiyo, mwaka uleule Tingatinga alipofungua kopo lake la kwanza, upande wa pili wa jiji. Mwaka 1997 Wachina wakaingia ubia humo kwa asilimia 51. Na upande wa Temeke, Mbagala, kuna KTM, kiwanda ambacho jina lake limekuwa jina la kituo cha daladala. Kwenye kanga kitenzi ni kuchapa, na kila rangi hupita peke yake juu ya kitambaa, na chapa yake. Ndiyo maana kanga nyingi hazizidi rangi tatu au nne: kila unayoiongeza ni gharama nyingine kabla hujauza hata doti moja. Pindo, mji na jina hugawana hizo chache, na ufundi wote uko hapo, katika kuzipanga zipigane bila kuumizana.

Wauzaji wa Mtaa wa Uhuru wana neno la sifa na neno la lawama. La sifa ni kukolea. La lawama ni kuchuja. Kukolea unalijua kwa mchuzi, kwa chai, kwa moto, kwa ngoma iliyofika saa sita usiku, kwa mapenzi yaliyoacha kusikiliza ushauri. Rangi imekolea ina maana imeingia, imeshika, haiko juujuu. Neno kuchuja lilianza kwenye kung'uto la tui na kitambaa cha chai, likahamia beseni la kufulia pale kanga mpya inapoyageuza maji damu, na Dar es Salaam imelipeleka mbali zaidi: msanii ambaye nyimbo zake hazipigwi tena "amechuja". Nimesikia mwanamke akimsema hivyo mume wa mtu, nikajizuia kucheka mbele za watu.

Lakini kitenzi ninachokipenda kuliko vyote nilikikuta Tandika, nyuma ya soko, uani kwa mama mmoja anayetengeneza batiki na mabinti zake. Kuchovya. Alinikaribisha kwa sharti kwamba nisiguse ndoo. Hanunui chapa, anakata vipande vya godoro kuukuu kwa wembe, vikawa samaki, vikawa majani, vikawa maumbo yasiyo na jina, anavitumbukiza kwenye nta ya moto na kuvigandamiza juu ya kitambaa cheupe. Palipo na nta, rangi haipiti. Halafu ndoo: unga wa rangi, maji ya moto, kaustiki, na dawa ya kuondoa hewa ambayo harufu yake inafungua pua hadi kisogoni. Kitambaa kinazama, kinageuzwageuzwa kwa fimbo, na kikitolewa, somo, si buluu hata kidogo. Ni kama maji ya majani mabichi. "Subiri," akasema, akakianika. Hewa ikaanza kazi. Kijani kikaanza kukimbia kutoka kwenye mikunjo, buluu ikapanda mbele ya macho yetu, na katika muda wa kunywa kikombe cha chai ikawa imekolea. Rangi za aina hiyo, na nili ya kale ni mojawapo, huyeyuka tu zikinyimwa hewa. Zikirudishiwa hewa hunasa ndani ya uzi na maji hayazitoi tena. Mabibi waliochovya kaniki hawakuhitaji mkemia awaambie hilo.

Anachovya mara kadhaa, rangi hafifu kwanza, nzito baadaye, nta ikiongezwa kila hatua, na mwisho kitambaa huchemshwa nta yote itoke. Nikamuuliza anajuaje kwamba yatosha. Akaniambia kitambaa kikilowa huwa cheusi kuliko kilivyo, kwa hiyo unakoleza hadi uogope kidogo, kikikauka kitakuwa sawasawa. Nimeiandika hiyo kwenye daftari na nimeipigia mstari. Nina wasiwasi na mapafu yake lakini. Glavu anazo, barakoa hana, na ua umefungwa pande tatu. Nilimwambia, akacheka, akasema upepo wa bahari unafika. Haufiki Tandika, kila mtu anajua.

Mwilini napita haraka kwa sababu ya haya. Ninyi na Waunguja mnatona hina. Temeke Ijumaa jioni wanachora piko, na bibi harusi huchorwa vyote viwili, wekundu ndani na weusi pembeni. Hina ya majani ni salama. Piko ya unga mweusi ina dawa kali ya nywele ndani yake, parafenilenediamini, na baadhi ya ngozi huvimba malengelenge, basi mwambie mdogo wako ajaribu nyuma ya sikio kwanza. Kucha hupakwa, na vijana wa kiume ndio wapakaji, wanazunguka mitaa na vikapu vya vichupa, wanakaa kibarazani kwa mama wa watu miguu yake ikiwa mapajani mwao, na hakuna mume anayegomba. Ningekuwa mtafiti ningeandika kitabu juu ya amani hiyo.

Nilimaliza safari kwa daladala la Barabara ya Kilwa. Magari yenyewe yana mstari wa rangi ubavuni unaokutambulisha njia, hivyo asiyejua kusoma hapotei. Tukapita Sabasaba, Mtoni kwa Azizi Ali, Kizuiani, huku njia ya mwendokasi ikiwa katikati ya barabara, na konda akipiga kelele neno moja kama muadhini asiyechoka: "Rangi Tatu! Rangi Tatu!" Ndilo jina la kituo cha mwisho, Mbagala Rangi Tatu. Niliuliza garini kwa nini paitwe hivyo. Mzee mmoja akasema palikuwa na nyumba iliyopigwa rangi tatu. Dada aliyekaa nyuma yake akasema ilikuwa baa. Wakabishana hadi tukashuka, kila mmoja akiwa na mashahidi wake.

Mimi nilikuwa nimeshahama kwenye ubishi wao. Nilikuwa nahesabu vidoleni, na wewe mwalimu umeshanitangulia: Kiswahili kina rangi tatu. Nyeupe, nyeusi, nyekundu. Hizo peke yake huvaa viambishi na kufuata ngeli: gari jeusi, mlango mwekundu, nguo nyeupe. Zilizobaki zote zimeazimwa, kutoka kwenye kitu au lugha ya jirani. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, njano ni bizari ya manjano, kahawia ni kahawa, zambarau na chungwa ni matunda, samawati ni mbingu za Waarabu, bluu ni ya Waingereza, na damu ya mzee, Mungu atusamehe, ni damu ya mzee. Huwezi kusema gari "jijani". Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu wakidai kwamba lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hizihizi: nyeupe, nyeusi, nyekundu. Wamepingwa sana tangu hapo, lakini kuta za Makumbusho ziko upande wao, na kanga ya kisutu pia. Bibi harusi wa Tanga hakosi kisutu, na kisutu ni nyeupe, nyekundu na nyeusi, tangu enzi za bibi yangu hadi mzigo ulioshushwa juzi Kariakoo.

Kwa hiyo wanaolalamika kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi naona hawajatembea. Lugha ilianza na tatu, ikaenda jikoni, shambani, dukani na bandarini ikachukua nyingine zote ilizozihitaji, kama Sofala walivyofanya na shuka za Cambay. Umaskini ungekuwa kukosa vitenzi, na hivyo hatujakosa.

Sasa kazi yako. Waulize mafundi wa nyumba wa Kisauni na Likoni kama wao nao hupiga rangi au hupaka, na waulize wazee wa Mji wa Kale kama kuna neno la kuchovya nili ambalo sisi wa huku tumelisahau. Niandikie kwa maneno yao, usiyasanifishe. Na ukija Desemba niletee leso za Biashara Street, doti mbili, nyekundu na nyeusi. Ya damu ya mzee usilete, ninayo na inachuja.

Wako,
Somo wa Tanga, kwa sasa Temeke